Jibu: Maikrofoni ya waya haishiki kwenye laptopu

Salaam ndugu yangu. Umesema maikrofoni umeichomeka, lakini kasida ulizorekodi zasikika mbali, zina mwangwi. Kwanza rekodi huku ukigonga ganda la laptopu kwa ukucha. Mlio wa kugonga ukisikika kwa nguvu, kompyuta inatumia maikrofoni yake ya ndani.

Sasa itazame pini. Ikiwa na mistari myeusi miwili tu, laptopu yenye tundu moja tu la sauti kwa kawaida haitaitambua. Tundu hilo hutoa na kupokea sauti, kwa hiyo hutaka mistari mitatu. Mimi hapa Lamu lilinisumbua siku mbili, Maulidi yamekaribia! Nikanunua kigawanyi, yaani kiwaya chenye pini ya mistari mitatu na matundu mawili, nikachomeka maikrofoni upande wenye picha ya maikrofoni, ikashika. Pini yenye ukijani wa chumvi ifute kwanza. Kisha kwenye mipangilio ya sauti, chagua maikrofoni ya nje.