Simu mpya imeshika Wi-Fi, mbona haipigi?

SWALI: Ofisini tunatumia simu za mkononi za intaneti, zile zinazopiga kupitia Wi-Fi bila laini. Tulipobadilisha ruta tuliziwekea nenosiri jipya, zikaendelea na kazi kama kawaida. Sasa tumeongeza moja ya aina ileile. Wi-Fi imejaa, lakini kwenye kioo inaandika "haijasajiliwa". Aliyetuuzia anasema ni mbovu, tuirudishe. Ni kweli?
Msimamizi wa ofisi

JIBU: Usiirudishe kwanza. Kwa maelezo yako, simu ni nzima. Kilichopungua kiko kwenye ruta.

Simu ya waya ukiichomeka tu imeshaingia mtandaoni. Ya Wi-Fi haiwezi kuuliza lolote kabla ya kujua jina la mtandao na nenosiri, ndiyo maana hivyo viwili mliviingiza kwa mkono. Ikishaunganishwa, inaomba anwani kwa utaratibu uitwao DHCP. Ruta inaipa anwani ya IP, lango la kutokea na seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kompyuta ikipata hivyo inatosheka. Simu bado haijui namba yake ya ndani wala seva ya simu ilipo. Hayo yamo kwenye faili ya usanidi, yaani ya mipangilio ya simu, na mahali pa kuichukua faili hiyo hutajwa ndani ya jibu lilelile la DHCP, kwenye kipengele namba 66, au 150 kwa simu za Cisco.

Naamini aliyewafungia mfumo alikijaza kipengele hicho kwenye ruta ya zamani, na hii mpya haina. Simu za awali zilishachukua faili zao zikazihifadhi, kwa hiyo hazikuathirika. Hii haijawahi kuipata.

Fungua menyu ya hali ya mtandao kwenye simu hiyo. Anwani ikianza na 169.254, DHCP haikujibu kabisa, na hapo tatizo ni jingine. Ukikuta anwani inayofanana na za wenzake, halafu sehemu ya seva ya usanidi ni tupu au 0.0.0.0, basi ndipo penyewe. Jaza kipengele cha 66 kwenye ruta. Ruta nyingi za nyumbani hazina nafasi ya kukijaza. Hapo andika anwani ya seva kwenye simu yenyewe, kisha uizime na kuiwasha.

Seva nayo lazima iwe na faili ya simu hii. Kwa kawaida faili hupewa jina kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, ile yenye herufi na tarakimu 12 kwenye kibandiko, mara nyingi chini ya betri. Msomee fundi wako polepole: 8 na B huchanganywa sana, na herufi O haimo kabisa, kila duara ni sifuri.

Mkiwa naye, muulize faili hizo zinapita kwa njia gani. Ikiwa ni TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili, hilo linanitia wasiwasi kuliko simu yako, maana TFTP haidai nenosiri wala haifichi kitu, na ndani ya faili mna nenosiri la akaunti ya simu. Yeyote aliyeingia kwenye Wi-Fi yenu na kuifikia seva hiyo anaweza kuichukua faili na kupiga kwa gharama yenu. Mwambie ahamie HTTPS, njia inayoficha kinachopita, na aziwekee simu seva ya saa, kwa sababu simu yenye tarehe isiyo sahihi hukataa cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na faili haiji.