Maswali na Majibu: "Wao" Hawatamficha Mhusika Wako

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika mkuu anaitwa Amani, na sitaki msomaji ajue kama ni mwanamke au mwanamume. Nataka ampime kwa matendo yake tu. Mwalimu wa warsha moja ya uandishi alinishauri niache "yeye" nitumie "wao", kama wanavyofanya siku hizi waandishi wa Kiingereza. Rafiki yangu anasema nisihangaike, Kiswahili hakina jinsia. Mwingine anataka niunde kiwakilishi kipya kabisa. Hivi ndivyo nilivyoandika: "Amani walifika wakiwa hoi. Waliweka mkoba wao mezani, wakaketi. 'Wifi, mbona umechelewa hivi?' Rehema akauliza." Je, nimepatia? Pia kuna mtu aliyejitolea kuitafsiri riwaya kwa Kiingereza. Nimwambie nini?

JIBU: Ndugu mwandishi, rudia mistari yako mitatu, safari hii kwa sauti. Katika miwili ya mwanzo umevunja upatanisho wa kisarufi ili kuficha jambo. Katika wa tatu, neno moja limelitangaza jambo lilelile. Wifi ni neno la wanawake wawili: mwanamke na dada wa mumewe, au mwanamke na mke wa kaka yake. Rehema akishamwita Amani wifi, msomaji aliyekulia katika Kiswahili hana tena cha kukisia. "Wao" wako wote wamekwenda bure.

Sikulaumu wewe. Miswada ya namna hii inanifikia mara kwa mara, na karibu kila mmoja nyuma yake yupo mwalimu wa warsha ya siku mbili aliyesoma mwongozo wa Kiingereza usiku, akaufundisha asubuhi kama ulivyo. Kiingereza kina shida yake. Kikitaka kumtaja mtu mmoja aliyekwisha tajwa, kinamlazimisha msemaji achague "he" au "she", na kila anachochagua kinatoa habari. Ndiyo maana Waingereza wamekuwa wakitumia "they" kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, na siku hizi wanaitumia zaidi. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa huo. Sisi hatuugui. "Alifika akiwa hoi" haisemi chochote kuhusu jinsia ya aliyefika, na haijawahi kusema. Kiambishi "a-", kiwakilishi "yeye", kimilikishi "-ake", "huyu", "yule": vyote havina upande.

Sasa tazama unacholipa kwa dawa usiyoihitaji. Kwetu "walifika" ni idadi. Msomaji akisoma "Amani walifika" atauliza Amani kaja na nani, kisha atarudi ukurasa wa nyuma kumtafuta mtu wa pili aliyempita bila kumwona. Asipompata, ataamua kwamba mwandishi au mpiga chapa amekosea. Na siku Amani na Rehema watakapofika pamoja kwelikweli, utaandika "walifika", na msomaji hatajua tena kama ni mmoja au wawili. Umepoteza wingi wako ili upate kitu ulichokuwa nacho tayari.

Kiwakilishi kipya sitakitumia wino mwingi. Kiwakilishi huru Kiswahili hukitumia zaidi kwa msisitizo. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na viambishi. Ukiunda neno la kuchukua nafasi ya "yeye", bado "a-" itabaki palepale kwenye "alifika", "-m-" kwenye "nilimwona", na "-ake" kwenye "mkoba wake". Utakuwa umebadilisha kizingiti na kuacha nyumba nzima ilivyo.

Wapo pia wanaoshauri mhusika asiyejulikana apelekwe ngeli nyingine, aitwe kwa "ki-" au "li-". Huo ni ushauri mbaya zaidi, kwa sababu ngeli hizo zinabeba maana. "Kitoto kile kilifika" ni dharau au huruma. "Jitu lile lilifika" ni kitisho. Katika lugha yetu, kutoka "a-" kwenda "li-" ni kumwondolea mtu utu wake, jinsia haimo. Methali inasema "zimwi likujualo halikuli likakwisha", na hiyo "li-" inatuambia tunashughulika na kitu kilicho nje ya watu. Ukiwa na roboti au kiumbe wa sayari nyingine, hapo una chaguo la kweli na lenye utamu. "Roboti ilisimama" katika sura ya kwanza, "roboti alisimama" katika sura ya kumi: msomaji atahisi kwamba msimulizi amebadilika moyo, ingawa hakuna aliyemwambia. Waandishi wetu wanaoandika hadithi za kubuni za kisayansi wana hazina hapo ambayo wengi hawajaigusa. Amani wako, hata hivyo, ni mtu. Mwache katika "a-".

Niingie sasa kwa rafiki yako, yule aliyesema usihangaike. Huyu ndiye anayenisumbua kuliko wote, kwa sababu maneno yake yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawalaza waandishi usingizi. Kweli, viwakilishi vyetu havina jinsia. Lakini Kiswahili kina jinsia kila mahali pengine. Imo katika vitenzi vya ndoa. Imo katika majina ya udugu na vyeo. Imo katika sifa tunazowapa watu, na imo zaidi katika kichwa cha msomaji, ambaye hasubiri kuambiwa.

Chukua vitenzi. "Amani alioa" na siri imekwisha. "Amani aliolewa" vilevile. Hata "Amani ameachika" inaelekeza kwa mwanamke, na "alitoa talaka" inaelekeza kwa mwanamume. Lugha ina njia nyingine na zote ni Kiswahili safi: walioana, alifunga ndoa, waliachana, ndoa ilivunjika. Usiseme mkewe wala mumewe. Sema mwenzi wake, au mtaje kwa jina. Ila angalia usiyarundike yote katika aya moja, maana msomaji mwepesi akiona "mwenzi" mara nne mfululizo ataanza kunusa.

Udugu ndio unaowaangusha wengi. Unapoandika masimulizi unakumbuka kujizuia, unaweka "ndugu yake", "mzazi", "mlezi". Kisha wahusika wanafungua midomo, na mazungumzo yanajiandika yenyewe kama watu wanavyosema: dada, kaka, shangazi, mjomba, Mama Fulani, Baba Fulani. Hapo ndipo wifi alipokuponyoka. Na usidhani ukimbadilisha wifi kwa shemeji umepona! Mwanamke huwa hamwiti mwanamke mwenzake shemeji, kwa kuwa wifi ipo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo Rehema akimwita Amani shemeji, msomaji makini atajua Amani ni mwanamume. Neno moja peke yake halina jinsia, lakini ukilitia kati ya watu wawili na mmoja wao anajulikana, wa pili anafichuka. Lile neno la zamani, umbu, ni mfano mkali zaidi: ni dada kwa mwanamume na kaka kwa mwanamke, basi anayemtaja umbu wake anamtaja kwa jinsia iliyo kinyume na yake mwenyewe. Kabla hujachapisha, pitia mazungumzo yote ya riwaya, ukiacha masimulizi kando, na kwa kila neno ambalo mtu anamwitia Amani jiulize nani anaita. "Bin" na "binti" katikati ya jina nazo zimo. "Bwana" na "Bi" sina haja ya kukutajia.

Halafu kuna maneno ambayo kamusi itakuapia kwamba hayana jinsia, na msomaji atayapa jinsia mara moja. "Mzee aliingia": wasomaji wengi wamemwona mwanamume. "Kijana mmoja alisimama mlangoni": mwanamume tena. "Mtanashati" inavuta upande mmoja, "mrembo" inavuta upande wa pili. Dereva, muuguzi, fundi, katibu muhtasi, kila kazi inakuja na sura yake kabla hujaandika sentensi inayofuata. Mwandishi aliyeambiwa na rafiki yake kwamba Kiswahili kimemaliza kazi hii hajui kwamba mhusika wake amekwisha kuvishwa jinsia katika ukurasa wa kwanza, na ndivyo atakavyosomwa mpaka wa mwisho. Dawa ya hapo haimo katika sarufi. Mpe Amani, mapema, mambo mawili yanayovuta pande tofauti, msomaji anapotaka kutulia asipate mahali pa kutulia.

Kuna mfano mkubwa wa mtego huu. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1969 riwaya The Left Hand of Darkness, juu ya watu wa sayari moja ambao muda mwingi si wanaume wala wanawake. Aliwaita "he", na wasomaji wengi wakalalamika kwamba waliona wanaume watupu. Mwaka 1975, alipochapisha upya hadithi fupi ya ulimwengu huohuo, akawaita "she", huku akiacha cheo cha mfalme kibaki "king". Fikiria kazi hiyo ikitafsiriwa kwa Kiswahili. Kiwakilishi kilichomsumbua miaka yote hiyo kinayeyuka bila jasho, lakini mtafsiri anakwama kwenye "mfalme", kwa sababu masikio yetu yanamsikia mwanamume na kumweka "malkia" upande wa pili. Palipokuwa na shida kwao ni shwari kwetu, na shida yetu iko pengine. Mwongozo wa kigeni hauwezi kukuonyesha hilo.

Niseme pia juu ya shida ya kweli ya viwakilishi katika Kiswahili, kwa kuwa mswada wako utakutana nayo. "Amani alimwambia Rehema kwamba amechoka." Nani amechoka? Kiingereza kingekuwa na "he" na "she" za kuwatenganisha. Sisi tuna "a-" moja kwa wote. Waandishi wanaoogopa jinsia hushtuka hapa, wakaanza kurudia jina kila sentensi, "Amani" mara kumi na mbili katika ukurasa, au wakaleta "mtu huyo" na "mhusika huyu" kama ripoti ya polisi. Tumia "yule" na "huyu" kwa ustadi, tumia "mwenzake", geuza mpangilio wa sentensi, au mpe mmoja maneno yake mwenyewe: "'Nimechoka,' Amani alimwambia Rehema."

Kuhusu tafsiri, hapo siri yako inaingia hatarini kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kiwakilishi. Mtafsiri wako akiwa ni mtu makini atakuuliza. Akiwa anapitisha maandishi kwenye mashine kisha anayapiga pasi, hataona hata kwamba kuna swali. Mashine ikikuta "a-" hukisia kutokana na maneno ya jirani: daktari mara nyingi atakuwa "he", muuguzi "she". Tatizo hili linajulikana. Mwaka 2018 Google ilianza kuonyesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya sentensi za Kituruki, lugha ambayo nayo ina kiwakilishi kimoja tu mahali pa "he" na "she", yaani "o". Niliwahi kuletewa tafsiri ya riwaya ambamo mhusika mmoja alikuwa mwanamume akiendesha gari, akawa mwanamke akipika, akarudi kuwa mwanamume alipogombana na jirani, yote katika sura moja. Aliyeileta alikuwa amelipwa, na mwandishi, ambaye hasomi Kiingereza vizuri, alikuwa amekwisha kuisifu. Nilikasirika siku hiyo na bado nakasirika nikikumbuka. Mtu anaandika miaka mitatu, kisha anayejiita mtafsiri anamharibia kwa mchana mmoja.

Basi mwandikie mtafsiri barua kabla hajagusa ukurasa wa kwanza. Mwambie wazi kwamba jinsia ya Amani haitajwi popote, na kwamba katika Kiingereza unakubali "they" ya mtu mmoja, au unapendelea sentensi zigeuzwe ili kiwakilishi kisihitajike. Huko "they" ina kazi halali. Mwambie pia kama wewe mwenyewe unajua jinsia ya Amani na unaificha, au hata kwako haipo. Mtafsiri atachagua maneno tofauti katika hali hizo mbili. Kisha mwombe akutumie sura moja kwanza, na mtafute mtu wa tatu anayesoma Kiingereza akuhesabie kila "he" na "she" iliyomwangukia Amani.

Ama mistari yako, ningeiandika hivi: "Amani alifika akiwa hoi. Aliweka mkoba mezani, akaketi. 'Mbona umechelewa hivi?' Rehema akauliza." Huo mkoba nao ufikirie. Mkoba pale mezani, bila maelezo mengine, umekwisha kumpa msomaji picha. Mpe Amani mkono wa pili pia, wenye kitu cha kuvuta upande mwingine.