Maswali ya Wasomaji: Gharama ya Kupendeza Kazini Inalipwa na Nani?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, nakusalimu. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii hapa Arusha, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Mwezi Machi tulipewa waraka wa kurasa mbili kuhusu unadhifu. Wanaume wametakiwa kunyoa ndevu, kupunguza nywele na kufunga tai. Sisi wanawake tumetakiwa kuwa na nywele "zilizolala", yaani za dawa, za wivingi au za wigi; kupaka poda, wanja na rangi ya mdomo; na kuvaa viatu vya mchuchumio kwa zamu nzima ya saa nane. Nywele zangu ni za asili na husuka twende kilioni kila baada ya wiki mbili. Nimepewa onyo kwamba ninaonekana kama mtu anayekwenda shambani, na mwezi uliopita nilikatwa shilingi 20,000 kwa sababu ya siku mbili nilizofika bila rangi ya mdomo. Wenzangu wanaotii waraka wanatumia kama shilingi 45,000 kwa mwezi saluni na 20,000 kwa vipodozi, na kila asubuhi dakika 40 za kujipamba. Kaka mmoja wa mapokezi ananiambia yeye anamlipa kinyozi shilingi 3,000 mara mbili kwa mwezi, na kunyoa ndevu kunamchukua dakika 10. Nilipolalamika, ofisa utumishi alinijibu kwamba wanaume nao wana kanuni zao, kwa hiyo hakuna upendeleo. Je, jibu hilo ni sahihi?
(Dada wa mapokezi, Arusha)

JIBU: Dada yangu, ofisa utumishi amekupa nusu ya jibu, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo unayoihitaji. Ni kweli kwamba sheria haimlazimishi mwajiri kuwavalisha wanawake na wanaume nguo za namna moja. Sare yenye sketi kwa huyu na suruali kwa yule haiwi ubaguzi kwa sababu hiyo peke yake, na mwajiri anayo haki ya kutaka wafanyakazi wake wawe safi na watambulike na wageni. Lakini usawa haupimwi kwa kuhesabu vipengele vya upande huu na vya upande ule. Unapimwa kwa kuuliza kila upande unabeba nini: fedha kiasi gani, muda kiasi gani, na maumivu gani ya mwili.

Tufanye hesabu kwa takwimu ulizotuletea. Mwanamke anayetii waraka anatumia shilingi 65,000 kwa mwezi na mwanamume 6,000. Kwa mwezi wenye siku 24 za kazi, dakika 40 za kila asubuhi ni saa 16, na dakika 10 za kaka yako ni saa 4. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kuwa ukomo wa siku ya kawaida ya kazi. Kwa hiyo saa 16 hizo zinakaribia siku mbili nzima za kazi, zinazofanywa nyumbani mbele ya kioo, bila malipo, kabla ya kupanda daladala. Nimeirudia hesabu hii mara mbili kwa sababu nilidhani nimekosea.

Ninasisitiza hesabu kwa sababu iko kesi moja iliyopotea kwa kukosa hesabu. Darlene Jespersen alikuwa mhudumu wa baa katika kasino moja mjini Reno, jimbo la Nevada, Marekani. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 20 na kusifiwa na wakubwa wake. Mwaka 2000 mwajiri alileta kanuni iliyowataka wanawake watengeneze nywele na kupaka poda, wanja na rangi ya mdomo, huku wanaume wakitakiwa kuwa na nywele fupi na kucha safi, na wakikatazwa kabisa kujipodoa. Alikataa kujipodoa, akapoteza kazi. Mwaka 2006 jopo la majaji 11 la Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho huko Marekani, lilimnyima haki kwa kura 7 dhidi ya 4. Majaji walikubali kwamba kanuni inayoielemea jinsia moja kuliko nyingine ni ubaguzi, lakini wengi wao wakasema hakukuwa na ushahidi katika jalada kuhusu gharama na muda ambao vipodozi vinahitaji, nao hawakuwa tayari kuujaza wenyewe kwa kile ambacho kila mtu anakijua. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa kali mno, kwa kuwa kila jaji anajua kwamba wanja haununuliwi bure. Hata hivyo, funzo lake kwako liko wazi: tunza risiti za saluni na za duka la vipodozi, andika muda, na uwaombe wenzako wafanye hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, katika sera yoyote au utaratibu wowote wa ajira, na jinsi imetajwa miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Upo mlango mmoja ulioachwa wazi kwa mwajiri: tofauti inaruhusiwa ikiwa inatokana na sharti la asili la kazi yenyewe. Na kifungu hicho hicho kinasema kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea au kwamba anao utetezi unaokubalika kisheria. Basi mwulizeni mwajiri wenu, kwa adabu na kwa maandishi: kazi ya mapokezi inahitaji rangi ya mdomo kwa ajili gani? Mgeni aliyetua uwanja wa Kilimanjaro usiku wa manane anataka jina lake lipatikane kwenye orodha, apewe ufunguo wake na aongozwe chumbani. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachofanywa na mdomo uliopakwa rangi.

Kuhusu nywele, maneno uliyoambiwa yameniuma. Twende kilioni iliyosukwa vizuri ni nywele safi, zilizotengenezwa na zisizomwangukia mtu usoni. Nayo ilikuwapo kabla ya wivingi kufika katika nchi hii. Kumwambia mwanamke wa Kiafrika kwamba nywele zinavyoota kichwani mwake ni uchafu mpaka zichomwe dawa au zifunikwe za kununua si jambo la unadhifu hata kidogo. Dawa ikikaa kupita kiasi huunguza ngozi, na wivingi au rasta za kubana mno, zikirudiwa kwa miaka, huzing'oa nywele za pembezoni mwa paji la uso, nyingine zisirudi tena. Mwajiri anaweza kusema nywele ziwe safi na zifungwe nyuma. Sharti la namna hiyo linamhusu kila mtu, mwanamke na mwanamume mwenye nywele ndefu.

Viatu nitavigusa kwa ufupi. Mwezi Desemba 2015 mhudumu wa mapokezi jijini London alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kukataa kuvaa visigino virefu. Ombi aliloliandikia Bunge la Uingereza lilisainiwa na watu zaidi ya 150,000, na kamati mbili za Bunge hilo zikatoa ripoti mwezi Januari 2017 baada ya kusikiliza habari za miguu na migongo iliyoharibika. Kiatu cheusi kilichofungwa, chenye kisigino kifupi, kinampendezesha mhudumu vilevile bila kumwumiza.

Makato ya shilingi 20,000 ni suala jingine kabisa, na hapa msimamo wako ni imara zaidi kuliko unavyodhani. Kifungu cha 28 cha sheria yetu hiyo hiyo ya mwaka 2004 kinaruhusu mshahara ukatwe pale tu ambapo sheria, mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi inaruhusu, au pale mfanyakazi mwenyewe alipokubali kwa maandishi kulipa deni. Kukosa rangi ya mdomo si deni. Dai fedha hizo zirudishwe.

Usiende peke yako. Andikeni barua moja, wanawake wote wa mapokezi na wanaume walio tayari kuwaunga mkono, mkiambatanisha hesabu. Pelekeni nakala kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, ambacho kwa wafanyakazi wa hoteli mara nyingi ni CHODAWU. Msipopata jibu, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalieni tarehe: madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanafikishwa Tume ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Nimewaona watu wenye haki iliyo wazi wakigonga mlango siku ya 70.

SWALI: Kaka mwandishi, pole na kazi. Mimi ni mlinzi katika kampuni ya ulinzi Dar es Salaam. Nina dredi kwa miaka sita, nazifunga na kuziingiza ndani ya kofia ya sare. Meneja mpya ameniambia nizinyoe au niondoke. Dada zetu walinzi wana dredi na rasta za mgongoni na hawaguswi. Kila anayezungumzia ubaguzi wa mavazi anawazungumzia wanawake. Je, mwanamume hana pa kusemea?
(Mlinzi, Tabata)

JIBU: Unapo, kaka yangu. Kifungu cha 7 nilichomwelezea dada wa Arusha kinataja jinsi bila kusema jinsi ipi, na mfano bora kuhusu suala lako unatoka Afrika Kusini. Askari magereza watano wanaume wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, waliachishwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata dredi. Watatu walikuwa Marastafari, na wawili walikuwa wamezifuga kwa kuitikia wito wa mizimu kulingana na mila za Waxhosa. Wanawake wa gereza hilo hilo waliruhusiwa kuwa na dredi. Mwajiri alijitetea kwa hoja za nidhamu na usalama, akadai pia kwamba askari Rastafari angeweza kushawishiwa na wafungwa kuwaingizia bangi. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa, ambayo mwaka 2013 iliwapa ushindi askari hao. Mahakama haikuona ushahidi kwamba nywele hizo zilipunguza uwezo wao wa kazi au kumhatarisha mtu yeyote, na ilishangaa, kama unavyoshangaa wewe, nywele zinazoruhusiwa kichwani mwa mwanamke zinaivurugaje nidhamu zikiwa kichwani mwa mwanamume.

Sitakudanganya kwamba njia imenyooka. Hukumu ya Afrika Kusini haimfungi mwamuzi wa Tanzania, ingawa anaweza kuizingatia. Na huko Uingereza, mwaka 1996, mwanamume aliyefukuzwa kwenye duka kubwa la vyakula kwa sababu ya mkia wa nywele alishindwa katika Mahakama ya Rufaa, iliyosema kanuni zitazamwe kwa jumla yake na kwa kufuata desturi iliyozoeleka. Mimi siafiki. Desturi iliyozoeleka ndiyo hasa inayolalamikiwa katika mashauri ya namna hii, na haiwezi kuwa shahidi wa uhalali wake yenyewe.

Unayo silaha ya pili, iliyo karibu zaidi. Kanuni za utendaji bora kazini za hapa Tanzania za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka anayeamua uhalali wa kuachishwa kazi aangalie kama kanuni iliyovunjwa ni ya busara, inaeleweka, ilijulikana kwa mfanyakazi na imekuwa ikitumiwa kwa uthabiti. Umefanya kazi miaka sita na dredi. Kama hapakuwa na kanuni ya maandishi, au ilikuwapo na haikuwahi kutumiwa, meneja ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini imeamka leo na kwa wanaume tu. Mwombe akuonyeshe kanuni hiyo. Endelea kufika zamu kwa wakati, nywele zikiwa safi na ndani ya kofia, ili asipate sababu nyingine ya kukuandikia onyo.

SWALI: Ninasimamia duka la jumla na karakana ndogo ya rangi Mombasa, wafanyakazi 22. Ninataka kuandika kanuni za mavazi zisizomdhulumu mtu. Nianzie wapi?
(Msimamizi, Mombasa)

JIBU: Anzia Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo inataja mavazi waziwazi, pamoja na jinsia, dini na utamaduni, miongoni mwa misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na inawafunga watu binafsi kama inavyoifunga Serikali. Kisha andika kila sharti ukiweka pembeni yake sababu ya kikazi. Wanaopuliza rangi karakanani wanavaa barakoa ya kuchuja hewa, na barakoa ya kubana uso haizibi vizuri juu ya ndevu. Hapo unayo sababu ya kweli ya kumtaka mtu anyoe, au umnunulie ile ya kofia inayofunika kichwa chote, ambayo haihitaji kunyoa. Kule dukani sababu hiyo haipo, kwa hiyo ndevu za muuzaji, na kofia yake, na buibui la mwenzake, viache. Sharti ambalo hukulipatia sababu, lifute kabla hujalichapisha. Na chochote utakachokitaka kisichovaliwa mtaani, iwe sare, viatu vya usalama au aproni, kilipie wewe, kwa wanawake na kwa wanaume sawa. Na kama sare ya wanawake inagharimu zaidi kushonwa, nyongeza hiyo iwe juu yako.