Harufu ya makaa ndani ya bakuli la parachichi

Mara ya kwanza nilipochoma parachichi ili niliponde na viungo, nililiacha kwenye wavu hadi likakolea rangi ya kahawia. Nilidhani likikaa sana motoni ndivyo moshi unavyoingia. Nilipoonja, lilikuwa chungu. Nikaongeza ndimu, nikaongeza chumvi, uchungu ukabaki palepale. Parachichi halipendi moto mwingi wa muda mrefu.

Siku hizi moshi nautafuta kwingine. Kitunguu maji nakikata vipande vinene, nakichoma hadi kingo ziwe nyeusi. Pilipili naiweka nzima, ganda likivimba na kubabuka naiondoa. Kitunguu saumu nakiacha na maganda yake mpaka kilainike ndani. Ndimu nayo naikata katikati, nailaza kifudifudi dakika moja hivi. Maji yake hutoka kwa urahisi. Hivi ndivyo vinavyobeba ladha ya kuchomwa, parachichi linapita tu motoni.

Subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, miali iwe imekwisha. Mafuta yakidondoka na moto ukalipuka, chakula hushika masizi, na masizi si moshi. Tena usiwashe makaa kwa mafuta ya taa, harufu yake haifichiki.

Chagua parachichi lililoiva lakini bado limejikaza: libonyeze karibu na kikonyo, libonyee kidogo tu. Likiwa laini mno litavurugika kwenye wavu. Lipasue, toa kokwa, ila ganda liache, maana ndilo linaloshikilia nyama. Paka mafuta kidogo, lilaze upande wa nyama kwa dakika mbili au tatu, na usilisogeze. Ukijaribu kulinyanyua likang'ang'ania, lipe sekunde chache zaidi. Ukiona mistari myeusi, limetosha.

Liache lipoe. Mimi niliwahi kuponda la moto pamoja na majani ya giligilani, yakanyauka na kupoteza harufu yote. Twanga kwanza pilipili, kitunguu saumu na chumvi, ndipo uponde parachichi kwa uma, ukiacha mabonge madogo. Kitunguu maji kikate vidogo, ukichanganye mwishoni pamoja na giligilani na maji ya ndimu.

Ukitaka moshi zaidi, weka kaa moja jekundu kwenye kibakuli cha chuma, kisimamishe katikati ya bakuli kubwa, dondoshea tone la mafuta na ufunike mara moja. Dakika tatu zinatosha. Nikizidisha, mimi huhisi moshi tu kinywani, parachichi silisikii tena.

Likibaki, sawazisha uso wake na ubandike karatasi ya nailoni juu yake kabisa, pasibaki hewa, kwa sababu hewa ndiyo inayoligeuza kahawia. Kurudisha kokwa ndani hakusaidii. Hulinda pale tu lilipokalia.