Kurusha nzi upepo ukikukabili (Ziwa Ellis, Mlima Kenya)

Mkuu, umeuliza kwa nini kule Ziwa Ellis nzi wako wa manyoya (chambo bandia) anakurudia usoni upepo wa mchana ukianza, na kama fimbo ndefu zaidi itakusaidia. Mimi huvua samaki aina ya trauti hapohapo, na ningekushauri hela hiyo uiache mfukoni kwanza.

Punguza nguvu. Upepo ukizidi, mkono hutaka kushindana nao, fimbo inatikisika na mshipi unajikatiza wenyewe hewani. Vile vifundo vidogo kwenye uzi wa mwisho (ule mwembamba kati ya mshipi na nzi) hutokea hapo, na kimoja tu hupunguza uimara wa uzi karibu nusu. Ukague mara kwa mara. Unachohitaji ni kasi, kisha kuisimamisha fimbo ghafla, ili kitanzi cha mshipi kiwe chembamba. Kitanzi kipana ni tanga, upepo unakijaza na kukirudisha kwako. Mkono usioshika fimbo nao ufanye kazi: fimbo ikienda nyuma, vuta mshipi kwa mkupuo mfupi, ikienda mbele, vuta tena. Kasi itaongezeka bila bega kuumia.

Upepo wa usoni, rusha nyuma juu na mbele chini, mshipi unyooke karibu kabisa na maji. Wa mgongoni, geuza: nyuma chini, mbele juu, upepo uubebe mshipi wenyewe.

Ninaouogopa ni ule unaotoka upande wa mkono wa kurushia, maana unaleta ndoana sikioni. Geuka, lipe ziwa mgongo, umtue nzi kwa mrusho wa nyuma. Au pitisha fimbo juu ya bega la pili. Miwani na kofia ni lazima, tafadhali, na kile kijino cha ndoana kibane kwa koleo kilale.

Uzi wa mwisho wa futi 9 ukate ubaki 7, na ufunge nzi asiye na manyoya mengi. Kama fimbo yako ni namba 4 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba, si urefu), hapo kweli namba 6 itakufaa.

Halafu usikimbilie ng'ambo ili upepo uwe mgongoni. Wadudu husukumwa kwenye ufukwe unaopigwa na mawimbi, na trauti huwafuata hadi karibu na kingo. Mrusho wa mita 10 unatosha. Anza ukiwa nchi kavu, kabla hujatia mguu majini ukawatimua.