Mtoto wa miezi 9 anakohoa siku ya tatu: hesabu pumzi zake leo hii

Mdogo wangu uliyeuliza kama usubiri au uende hospitali, na bibi wa mtoto anasema ni kimeo kikatwe. Hilo la kimeo usikubali kabisa, kikohozi hakitoki pale, utamwongezea mtoto kidonda na damu bure. Mfunue kifua sasa hivi umwangalie.

Wangu alikuwa na miezi 8, ilikuwa Julai, na wa huku Kongwa mnaujua upepo wa Julai. Alianza na mafua, duka la dawa nikapewa sirapu, homa ikashuka nikamshukuru Mungu, kumbe homa kushuka ndo kulinidanganya. Usiku wa tatu kagoma ziwa, anashika anaachia, anashika anaachia, nikawasha tochi ya simu nikampandisha kifulana nikaona kila akivuta pumzi pale chini ya mbavu panabonyea ndani, na matundu ya pua yanatanuka. Mama mkwe akasema tusubiri kukuche, baba yake hakusubiri, akatoka kutafuta boda. Kituo cha afya nesi hata kadi hakuuliza kwanza, kamfunua, kaangalia saa dakika nzima, pumzi 64. Nimonia. Oksijeni, sindano, tukalala siku nne.

Nesi alinielekeza hivi, mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, uangalie tumbo linavyopanda uhesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha maana vichanga hawapumui kwa mpangilio. Wa miezi 2 mpaka hajafikisha mwaka, 50 kwenda juu ni nyingi, wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Aliye chini ya miezi 2 ni 60, na huyo hata homa peke yake unamkimbiza. Pumzi zikiwa nyingi nenda zahanati leo leo. Ila kifua kikibonyea, au hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki vizuri, hapo hata kama ni saa nane usiku unatoka.

Na wakipima malaria wakakuta hakuna usikubali kurudi na panadol tu, waambie wamhesabu pumzi. Zile amoksilini zilizobaki kwa mtoto wa jirani usimpe.

Hesabu uniandikie ni ngapi, niko hapa. Lakini kama panabonyea usiniandikie dada, beba mtoto uende.