Jani la mche mmoja, tyubu moja: kosa langu kwenye DNA ya maharage

Kama ndo unaanza kupima DNA ya maharage sikia hili kwanza, usichanganye majani. Mimi nilikuwa nabana matumizi, nikanunua Kablanketi, aina ya maharage, sokoni nikaotesha, nikachuma majani ya miche mitano mitano nikatwanga pamoja, si yote Kablanketi tu? Jeli, ile sahani laini tunayopitishia DNA kwa umeme vipande vijipange kwa urefu, ikatoka na mistari miwili mitatu kila sampuli, nikakimbia kwa supavaiza nikijua nimegundua kitu. Akaitazama weee, akasema, "Kijana, humu umetwanga mche au kijiji kizima?"

Iko hivi. Kwenye DNA kuna sehemu herufi zinajirudia tu, GAGAGAGA, zinaitwa maikrosatelaiti. Haragwe moja GA inajirudia labda mara 15, lingine mara 20, kwa hiyo ukikizalisha hicho kipande kwa PCR, yaani kukinakili mara nyingi mno, cha pili kinazidi kwa herufi 10, na kwenye jeli kirefu kinachelewa, basi hiyo ndo alama ya kidole yenyewe. Sasa haragwe linajichavusha lenyewe hata ua halijafunguka vizuri, kwa hiyo nakala mbili za kila kromosomu (haragwe lina jozi 11) mara nyingi zinafanana na unategemea mstari mmoja. Mche mmoja ukikupa miwili hapo kuna habari, pengine nyuki alipita. Lakini kwenye rojo langu la miche mitano utajuaje nani kaleta upi? Na mbegu ya sokoni wafanyabiashara wanachanganya ya wakulima kibao, rangi ileile, ukoo tofauti.

Mengine haraka haraka. Chuma majani machanga kabisa, yaliyokomaa yanakupa DNA inayovutika kama mlenda na PCR inagoma. Tofauti ya herufi 2 usiitafute kwenye jeli ya agarosi ya kawaida, hapo ni jeli ya akrilamaidi inayotenganisha vizuri zaidi, na uvae glavu maana kabla haijaganda ni sumu. Kila jeli weka aina moja unayoijua, mimi naweka Lyamungo 90, la sivyo jeli ya Jumatatu na ya Ijumaa hazitasomeka pamoja.

Nilirudia kazi yote, mbegu moja kikombe kimoja cha mtindi, jani moja tyubu moja. Nikaandika namba kwa maka peni, ethanoli ikamwagikia raki, namba nane zikafutika. Siku hizi nakwaruza kifuniko kwa sindano.